Mti Unapokutana na Chuma

Zilikuwa bunduki mbili za aina moja, zimetoka kiwanda kimoja, bei sawa, namba zake zimepishana kwa tarakimu chache tu. Muuzaji alizilaza mezani juu ya kipande cha zulia, akaifungua mitambo yote miwili tuone kwamba hazina risasi, kisha akasogea nyuma hatua moja. Rafiki yangu, mzaliwa wa Bukavu ambaye siku hizi ni raia wa Marekani, alinigeukia. "Kaka, wewe ndiye fundi wa chuma," alisema. "Mimi nikiitazama bunduki naona bunduki tu."

Nilimwambia asizishike bado. Azitazame kwanza kutokea nyuma, jicho moja likiwa limefumbwa, kama mtu anayekagua boriti kabla haijapandishwa darini. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. "Hii inaangalia pembeni," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kilengeo cha mbele, kile kijiti kidogo kilicho karibu na mdomo wa mtutu, kilikuwa kimelala kidogo upande wa kulia, kama nguzo ya uzio iliyoguswa na gari. Ilikuwa imemchukua kama nusu dakika kuona kasoro ambayo kiwanda hakikuiona, au kiliiona na kikaipitisha.

Tulikuwa Wisconsin, mwezi wa Oktoba. Wenzake wa kazini walikuwa wamemkaribisha katika kundi lao la uwindaji kaskazini mwa jimbo, kwa ule msimu wa siku tisa wa Novemba ambao watu wengi huomba likizo wakaingia msituni kumtafuta kulungu wa mkia mweupe. Wazee wa kundi hilo wana bunduki za wenzo walizorithi kwa baba zao. Yeye hakuwa na wa kumrithi huko, kwa hiyo alitaka yake mpya, atakayoirithisha yeye.

Cherehani na baiskeli ni vitu ambavyo kila msomaji amewahi kuvishika. Bunduki ya wenzo wengi wameiona kwenye filamu za kauboi tu. Kikingio cha kifyatulio kimerefushwa kuwa mpini wa kupitishia vidole. Unausukuma chini na mbele: ganda lililotumika linaruka nje na nyundo inalazwa nyuma. Unaurudisha juu: risasi nyingine inatoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu, inainuliwa, inasukumwa mahali pake. Yote hayo hutendeka kwa mkono mmoja, kitako kikiwa bado begani. Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki yake mwaka 1860. Oliver Winchester akaifanya kuwa biashara kubwa. Na John Moses Browning, fundi wa Utah, akabuni miundo ya mwaka 1886, 1892, 1894 na 1895 ambayo mafundi wa leo bado wanaifuata. Ule wa 1894 umetengenezwa zaidi ya mara milioni saba. Ule wa 1895 ulifika hata kwetu: Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, miongoni mwa bunduki zake kulikuwa na Winchester ya 1895 ya kipimo cha .405, na ndiyo aliyoipenda kwa simba.

Sasa turudi kwenye kile kilengeo kilicholala, kwa sababu ndani yake kuna habari ndefu.

Mtutu huingizwa katika mwili wa bunduki kwa kuzungushwa, kama bolti inavyoingia kwenye nati. Sehemu ya kilengeo huwa imeshachongwa juu ya mtutu kabla ya hapo. Fundi ana kazi mbili kwa mzunguko mmoja: mtutu ukaze kabisa, na ukikaza uwe umefika pale hasa ambapo kilengeo kinasimama wima. Ukigoma kabla ya kufika, lazima autoe, akwangue chuma kidogo sana begani mwake, aurudishe, apime tena. Hiyo ni kazi ya subira. Asiye na subira huulazimisha, au huuacha ulipo na kuipeleka bunduki kwenye sanduku.

Kasoro hii ndiyo iliyoharibu sifa ya jina moja kubwa. John Marlin alianza kutengeneza silaha New Haven, Connecticut, mwaka 1870, na kampuni yake ilidumu katika eneo hilo kwa zaidi ya karne. Desemba 2007 Remington ilitangaza kuinunua. Mwaka 2011 kiwanda cha North Haven kilifungwa na kazi ikahamishiwa Ilion, New York. Mashine zilihama, lakini mikono ya mafundi iliachwa nyuma. Wale waliojua kwamba mashine fulani hukata pembeni kidogo ikipata joto, au kwamba kipande fulani hakikai mpaka kipitishwe tupa mara mbili, hawakupanda lori pamoja na vyuma. Bunduki za miaka ya kwanza ya Ilion zilitoka na vilengeo vilivyoinama, miti yenye nyufa za hewa pembeni, na wenzo unaokwaruza. Kazi ilitengemaa polepole, lakini wanunuzi hawakusahau. Mpaka leo mtu akitafuta Marlin iliyotumika hugeuza kwanza shina la mtutu, kushoto, atafute herufi JM ndani ya kiduara kidogo, alama ya bunduki za Connecticut.

Remington ilipofilisika, Ruger ililinunua jina la Marlin mwaka 2020 kwa takriban dola milioni 28. Haikukimbilia kuuza. Ulipita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya bunduki ya kwanza kutoka katika kiwanda chake cha Mayodan, North Carolina, mwishoni mwa 2021, namba yake ikianza na herufi RM. Kwa hiyo jina moja, muundo ule ule, limepitia viwanda vitatu ndani ya miaka kumi na mitano. Mtu akikwambia "nunua Marlin" au "usinunue Marlin", hajakwambia kitu mpaka aseme ya miaka ipi.

Winchester nayo ina jeraha lake. Mwaka 1964, ili kupunguza gharama, ilibadilisha namna ya kutengeneza bunduki zake. Kibebeo, yaani kipande kinachoinua risasi kutoka bombani, kilikuwa kikichongwa kutoka chuma kizima. Sasa kikawa cha bati lililobanwa kwa mashine. Pini zilizokuwa za chuma kitupu zikawa za bati lililokunjwa kama mrija. Bunduki iliendelea kupiga, na kulungu aliyepigwa hakujua tofauti. Lakini waliozoea kuivuta walihisi, na hadi leo zilizotengenezwa kabla ya 1964 huuzwa ghali zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Winchester za wenzo zinazouzwa mpya leo zinatoka Japani, katika kiwanda cha Miroku mkoani Kochi, na kwa jicho langu miti na vyuma vyake vimeunganishwa vizuri kuliko nyingi zilizowahi kuandikwa Connecticut ubavuni.

Mimi nilisomea ufundi Dar es Salaam. Muhula wa kwanza tulipewa kipande cha chuma, tupa na jiliwa, tukaambiwa tukifanye mraba. Mwalimu alikuwa anaweka skwea juu ya chuma, ananyanyua vyote viwili kuelekea dirishani, na mwanga ukipenya hata kama uzi, anarudisha kipande bila neno. Wiki nzima bila neno. Tangu hapo siwezi kutazama kitu kilichoungwa bila kutafuta mwanga unaopenya, na ndiyo sababu kwenye bunduki, baada ya kilengeo, ninakwenda moja kwa moja pale mti unapokutana na chuma.

Hapo ndipo kiwanda hakiwezi kujificha. Chuma kinachongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, na kipande cha elfu kinafanana na cha kwanza. Mti haukubali hivyo. Mti wa jozi hunywa unyevu na kuutoa, huvimba na kusinyaa, na kila ubao una nyuzi zake. Ili mti ukae vizuri kwenye chuma lazima mtu asimame, aweke, atoe, akwangue, aweke tena. Pitisha ukucha kwenye mpaka wa kitako na mwili wa bunduki, pande zote. Mti ukiwa juu ya chuma kwa unene wa karatasi, ni vizuri. Maseremala wa bunduki huacha hivyo makusudi, ili mti ukisinyaa au ukipigwa msasa miaka ijayo usishuke chini ya chuma. Mti ukiwa chini ya chuma tayari bunduki ikiwa mpya, umekwisha kupotea, mti hauongezwi.

Kisha tazama ule ulimi wa chuma unaotoka nyuma ya mwili na kulala juu ya shingo ya kitako. Wanunuzi wengi hufurahi wakikuta ncha yake imebana kabisa kwenye mti, hakuna hata nafasi ya unywele. Hapo wanafurahia kosa. Bunduki hupiga teke, na teke hilo linapaswa kupokelewa na mabega mapana ya mti nyuma ya mwili. Ncha ya ulimi ikigusa mti, kila teke ni patasi. Baada ya maboksi kadhaa ya risasi utaona ufa mwembamba ukianzia hapo na kushuka shingoni. Fundi anayejua huacha kinafasi kidogo sana nyuma ya ncha. Kinafasi hicho pekee kikiwa sawa na safi, kimechongwa kwa mviringo ule ule wa chuma, ninajua kwamba aliyekichonga alifundishwa na mtu.

Nyuzi za mti nazo zitazame shingoni, pale kiganja kinaposhika. Zinatakiwa kupita sambamba na shingo, kutoka mwili wa bunduki kwenda kitakoni. Zikikata shingo mshazari, mti utavunjika hapo siku bunduki itakapoanguka. Rafiki yangu alikuwa amependa ile bunduki ya kwanza kwa sababu mti wake ulikuwa na mawimbi mazuri ya kahawia na dhahabu. Mawimbi hayo kitakoni ni pambo. Shingoni ni hatari.

Sasa rangi ya chuma, kwa haraka. Ile bluu-nyeusi ni kutu iliyolelewa, chuma kilichochemshwa katika chumvi mpaka juu yake pakageuka. Haifichi chochote kilichokuwa chini. Tazama maandishi yaliyogongwa ubavuni: kingo za herufi ziwe kali. Tazama matundu ya skrubu: kingo zake ziwe bapa. Herufi zikiwa zimefifia na matundu yamebonyea kama visahani, aliyeng'arisha alikuwa na haraka na gurudumu lake. Ukikuta skrubu mpya ina mdomo uliochanwa na bisibisi, uliza nani aliifungua na kwa nini.

Halafu ndipo unaishika. Mwombe muuzaji ruhusa, elekeza mdomo mahali pasipo na mtu, fungua mtambo, tazama chemba kwa jicho, ingiza kidole, kisha tazama bomba. Bunduki zenye bomba zimewahi kuficha risasi moja nyuma ya kibebeo, na aliyeangalia chemba peke yake alidhani ni tupu. Hili lifanye hata kama muuzaji amelifanya mbele yako sasa hivi. Hakuna muuzaji wa maana atakayekasirika.

Vuta wenzo polepole sana, ukisikiliza kwa vidole. Bunduki mpya huwa ngumu, na ugumu si ubaya. Kuna ugumu wa vitu viwili laini ambavyo havijazoeana. Huo unakuwa sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, na utaisha kwa kuvutwa mara mia chache. Kuna ukwaruzo, kama mchanga kwenye bawaba, unaotokea mahali pale pale kila mara. Huo ni ncha ya chuma iliyoachwa na kikataji ambayo hakuna aliyeiondoa. Na kuna kugonga, pale wenzo unapokataa kisha unaruka. Huo sitaki kuuona kabisa. Ndani ya mtambo wenzo huteleza juu ya kibebeo. Ukingo wake ukiwa mkali utakula kibebeo kidogo kidogo mpaka siku risasi ya pili ichungulie kabla ya zamu yake, na bunduki ikwame ikiwa na risasi mbili koo moja. Mafundi wa bunduki wanaijua kasoro hiyo vizuri, na wanaitibu kwa kuuviringisha ukingo huo kwa jiwe. Kiwanda kizuri huuviringisha chenyewe.

Ukishavuta polepole, vuta kwa nguvu, kama mtu anayeona kulungu anaondoka. Kuna bunduki zinazolisha risasi vizuri kwa upole tu, na nyingine kwa ukali tu. Duka zuri lina risasi bandia za plastiki. Ziombe, zijaze tano bombani kupitia kilango cha ubavuni, uone kama zinatoka zote bila kuomba msaada. Ukijaza utakijua na kilango chenyewe. Vingine vina kingo kali kiasi cha kuchuna dole gumba, na springi ngumu inayohitaji ukucha wa chuma. Kasoro hiyo inatibika kwa tupa ndogo, ila aliyekuuzia kwa zaidi ya dola 1,000 alipaswa kuitibu yeye.

Wenzo ukifungwa usichezecheze pembeni wala usining'inie. Kwenye nyingi za kisasa kifyatulio hakikubali kuvutwa mpaka wenzo ufungwe kabisa; hakikisha ni kweli. Omba ruhusa tena, laza nyundo nyuma, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, rudisha bunduki mezani na usiulize bei. Ifanyie hivyo hivyo ikiwa imeshikwa nusu njia, ukivuta kifyatulio.

Mdomo wa mtutu una kipimo ninachokipenda kwa urahisi wake. Ukingo wa ndani wa mdomo ndio kitu cha mwisho kinachogusa risasi, na kikwaruzo kidogo hapo huipotosha risasi nzima. Chukua pamba kidogo kwenye njiti, mtambo ukiwa wazi, izungushe taratibu kwenye ukingo huo ukiivuta nje. Nyuzi za pamba zikinasa, kuna kijino cha chuma. Zisiponasa, endelea. Kisha weka karatasi nyeupe kwenye mtambo uliofunguliwa, tazama ndani kutokea mdomoni: mifereji inayozunguka iwe na kingo safi na mng'ao sawa mpaka mwisho.

Kuna mambo ambayo dukani huwezi kuyajua. Nafasi iliyopo kati ya komeo na kitako cha risasi hupimwa kwa vipimo maalumu mikononi mwa fundi. Shabaha hujulikana uwanjani. Na kuna mambo ambayo watu huyasumbukia bure: ugomvi wa chuma cha kufuliwa na chuma cha kumimina, kwa mfano, wakati kumimina kwa ustadi ni bora kuliko kufua kwa uzembe.

Yote haya yafanyike kabla ya kulipa, kwa sababu bunduki Marekani hainunuliwi kama kikaango. Mnunuzi hujaza fomu ya serikali kuu, namba 4473, anathibitisha yeye ni nani na kwamba sheria haimzuii, na muuzaji anaulizia kwenye mfumo wa ukaguzi uliopo tangu 1998. Akishakubaliwa na kutoka nayo nje, maduka mengi huihesabu kuwa imetumika na hayaipokei tena. Ukigundua kilengeo kimelala ukiwa nyumbani, utaandikiana na kiwanda, utaifungasha, utaisubiri, na Novemba haitakungojea.

Rafiki yangu aliirudisha ile ya kwanza, yenye mti mzuri na kilengeo kilicholala, kwa huzuni niliyoielewa. Ya pili ilisimama wima, lakini wenzo wake ulikuwa na mchanga wake mahali pamoja, katikati ya safari, mara kumi kwa kumi. Alinitazama nimwambie kwamba itatengemaa. Sikumwambia. Akamuuliza muuzaji kama kuna nyingine.

Muuzaji alikawia huko nyuma. Aliporudi alikuwa na sanduku ambalo lilikuwa halijafunguliwa, akalipasua mbele yetu, akafungua mtambo, akatazama, akatuonyesha. Mti wake ulikuwa wa kahawia tupu, nyuzi zimenyooka kama mistari ya daftari. Rafiki yangu alitazama kilengeo. Akapitisha ukucha mpakani, pande zote, akainama kukitazama kile kinafasi nyuma ya ulimi wa chuma. Akavuta wenzo polepole mara tatu, macho yamefumbwa, midomo ikitikisika kidogo kama anayehesabu. Halafu akauvuta kwa nguvu.

Akailaza juu ya zulia, akamwomba muuzaji kalamu.